Pima 24 za Mapenzi

Mkeka ulikunjuliwa katikati ya ua mbele ya wageni wa harusi, huku Paquitequete, mtaa wa kale wa Wamwani hapa Pemba, ile ya Msumbiji. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akainama, akapitisha kiganja juu yake kama anayekagua ubavu wa mashua mpya. Nyekundu, zambarau, na rangi ya ukindu wenyewe. Mistari imenyooka kama imepigwa rula. Akasimama, akasafisha koo: “Ndugu zangu, kitu hiki hakina bei. Cha dukani hutoka mfukoni, hiki kimetoka moyoni.” Watu wakaitikia, vigelegele vikapaa. Aliyeusuka, yaani mama yangu mdogo, hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa nyuma ya nyumba, akikwangua ukoko kwenye sufuria la wali wa watu mia mbili.

Tangu siku ile nimekuwa nikilipima neno la mzee yule, maana si lake peke yake. Utalisikia Palma, utalisikia Ibo, ukivuka Ruvuma utalisikia Mtwara, na kwenye redio kila wiki yupo mtu analitia viungo. Nami naona ni neno la uongo. Si uongo mtupu, na ndiyo maana linadumu.

Nilieleze kwanza kwa haki, kama wenyewe wanavyolieleza wakiwa wametulia.

Wanasema anayenunua zawadi hutumia dakika tano na akaisahau, lakini anayesuka mkeka, anayeshona kofia ya mume au anayefuma kisweta cha mtoto wa arubaini hukaa na jina la mpokeaji vidoleni wiki nzima. Wanasema haimgharimu: majani ni ya Mungu, na muda ni ule wa kupumzika. Kazi yenyewe huenda sambamba na shughuli za nyumbani, chungu kiko jikoni, mtoto yuko mgongoni, ukili uko mkononi, na hakuna kinachoharibika. Wanasema ndiyo mila yetu, ilikuwapo kabla ya maduka, na atakayeileta bei ameileta tamaa. Kisha humalizia kwa methali, maana methali haina mpinzani: kutoa ni moyo, si utajiri.

Na tangu mwaka 2017 hoja hiyo imeongezeka uzito. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba mwaka ule, na vita vikaanza. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kikaezua mapaa kuanzia Ibo hadi Macomia. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma kushambuliwa. Ukafika wakati ambapo watu zaidi ya 700,000 wa mkoa huu walikuwa nje ya makwao, na Oktoba 2020 ufukwe huu huu wa Paquitequete ulijaa mashua zinazoshusha familia na mafurushi yao. Mtu aliyepoteza nyumba, minazi na makaburi, akifungua furushi akakuta mkeka wa bibi yake, utamwambia nini kuhusu gharama? Sina ubishi na machozi ya mtu. Ubishi wangu ni na hesabu, na hasa na wale ambao hawajapoteza kitu, lakini wanayatumia machozi ya wenzao ili hesabu isifanyike.

1. Ati haina gharama

Tuanze na kipimo. Mkeka wa kulalia watu wawili ni futi sita kwa futi nne. Ukili wa mama mdogo una upana wa sentimita tano, kwa hiyo mkeka mmoja unakula mistari 24, na kila mstari una urefu wa futi sita, yaani pima moja. Pima 24. Mwaka juzi nilikaa naye na daftari na saa ya simu, si kwa utafiti, kwa ubishi tu. Baba mdogo alikuwa amesema mkeka ni “kazi ya jioni mbili tatu”.

Pima moja ya ukili mwembamba wa rangi ilimchukua saa mbili, na huo ni mkono unaosuka tangu ukiwa na miaka saba. Hapo tuna saa 48. Kabla ya hapo kulikuwa na kuufuata ukindu, kwenda na kurudi, saa tano. Kuanika, kuchana, kuchemsha rangi, kuchovya na kuanika tena, saa nane. Baadaye kuunganisha mistari kwa shazia, saa kumi, na hapo ndipo mgongo unapovunjika, maana mkeka ukishakuwa mpana huwezi kuuweka mapajani, lazima uutambae. Kupinda pindo, saa mbili. Jumla, saa 73. Kwa fundi seremala anayefanya kazi saa nane kwa siku, hizo ni siku tisa na ushei. Mwambie seremala akutengenezee kitanda siku tisa, kisha umpe vigelegele.

Na hayo majani ya Mungu. Ni ya Mungu, sikatai, lakini Mungu ameyaotesha bondeni kwenye majimaji, na bonde liko nje ya mji. Zamani wanawake waliondoka kumi kwa pamoja, wakarudi na mizigo kichwani wakiimba. Tangu vita vije, mwanamke wa Palma au wa Macomia anayeingia porini kufuata ukindu anaweka rehani kitu kikubwa kuliko saa tano. Wanawake na wasichana wametekwa katika vita hivi, hakuna asiyejua. Aliyehamia Pemba naye hana bonde. Ananunua ukindu kwa kitita, kwa meticali, sokoni, na rangi ya unga ananunua pia.

Kwa wafumaji hadithi ya majani haijawahi hata kuanza. Uzi wa sufu hauoti pwani hii. Hutoka dukani, na una tabia ya kwisha kisweta kikiwa na mkono mmoja; ukirudi, rangi ile haipo tena, na mwenye duka anakushauri, kwa upole wa mtu asiyefuma, uutie mkono wa pili rangi nyingine. (Kwa nini tunamvalisha mtoto wa pwani kofia ya sufu mwezi wa Januari, wakati sisi wazazi tunavuja jasho tukiwa tumelala, hilo ni suala la makala nyingine, na sina ujasiri wa kuiandika.)

2. Ati anapumzika

Nimeyatazama mapumziko hayo kwa karibu.

Ni baada ya isha. Vyombo vimeoshwa. Mama mdogo anakaa juu ya jamvi, mguu mmoja kaunyoosha, ukili uliokwisha kusukwa kauzungusha duara kando ya paja, na ncha kaibana kwa dole gumba la mguu ili usilegee. Kuna bakuli la maji. Anachovya vidole, analainisha ukindu, anatia unyuzi mpya pale wa zamani unapoishia, anaukaza kwa ukucha. Dole gumba la mkono wa kulia lina ufa ambao haujapata kupona tangu nilipokuwa mdogo. Huupaka mafuta ya nazi usiku, asubuhi hufunguka tena. Taa ni tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo.

Anainuka: mtoto amelia. Anakaa. Anainuka: maji ya bomba yametoka, na maji hapa hayangoji mtu, ndoo ni sita. Anakaa, anatafuta unyuzi wa ngapi alikuwa amefikia. Anainuka: baba mdogo ameuliza, bila kuuliza mtu fulani, kama kuna chai. Nilihesabu mara saba ndani ya saa mbili. Kila anaporudi, mkono unatafuta mahali ulipoachia, na mara moja alifumua kipande cha urefu wa kiganja kwa sababu alikuwa ameruka unyuzi alipokuwa akikinga maji.

Huo ndio uzuri wa “sambamba na shughuli za nyumbani”. Kwa anayetazama, kazi mbili zinafanyika kwa wakati mmoja na hakuna kinachoharibika. Kwa anayefanya, hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayoruhusiwa kuwa kazi. Chungu kikiungua ataambiwa alikuwa na ukili wake. Mkeka ukichelewa ataambiwa kwani kutwa alikuwa akifanya nini.

Ng’ambo ya kichochoro, usiku ule ule, wanaume wanne walikuwa kwenye bao. Sina neno na bao. Lina akili nyingi kuliko hotuba nyingi za bunge. Lakini sijapata kusikia mchezaji akiambiwa: kwa kuwa umekaa tu, hebu kete hizo ziishie kuwa kitu tuwapelekee wakwe. Bao likiisha limeisha. Hilo ndilo pumziko, na kipimo chake ni chepesi: unaweza kuliacha. Harusi ikiwa Jumamosi, jaribu kuuacha mkeka Alhamisi.

Ajabu ni kwamba wenye kalamu wa mbali wamekwisha kulielewa jambo hili kuliko sisi wenye mikeka. Oktoba 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva, katika mkutano wao wa 19, wakakubaliana kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha kitu au kutoa huduma, iwe kwa ajili ya wengine au ya mtu mwenyewe, alipwe au asilipwe. Na kabla ya hapo, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 1993 ulikuwa umekwisha kuwaelekeza wahesabu kwamba bidhaa ambazo kaya hujitengenezea, vikapu na mikeka ikiwamo, zinastahili kuingia katika pato la nchi. Mfumo huo una kichekesho chake: mkeka unahesabiwa, wali uliopikwa ukaliwa juu ya mkeka hauhesabiwi, wala aliyeufagia hahesabiwi. Lakini angalau mkeka umo. Kwa hiyo Geneva inajua kwamba mama mdogo alikuwa kazini, na Maputo inapaswa kujua. Anayeamini bado kwamba alikuwa amepumzika ni yule aliyeomba chai.

3. Ati ndiyo mila

Mila gani? Ya lini?

Wareno wa karne ya 16 walipoandika habari za visiwa vyetu vya Kirimba, walivitaja kwa jina la Maluane, na jina hilo hilo likawa la kitambaa: nguo iliyofumwa visiwani humu na kutiwa nili ya buluu. Haikuandikwa katika hati zao kwa sababu bibi fulani alimfumia mjukuu. Iliandikwa kwa sababu iliuzwa, ilisafiri kwa mitepe na majahazi, ilikuwa na wanunuzi. Pwani hii ilijulikana kwa kazi ya mkono yenye bei kabla haijajulikana kwa gesi. Anayesema bei imeletwa juzi na tamaa ya mjini amekosea kwa miaka mia nne hivi.

Nenda Ibo. Ndani ya ngome ya São João Baptista, ile ya mwaka 1791, masonara wamekaa uani kwa miaka mingi wakivuta nyuzi za fedha na kuzisokota ziwe mikufu na vipuli. Kazi nyembamba kama ukili, macho yale yale yanaumia, vidole vile vile. Wao ni wanaume, na mkufu una bei. Hakuna mgeni anayesimama mbele ya sonara akasema “hiki kimetoka moyoni” kisha akaondoka nacho. Sonara naye akimtengenezea dada yake pete, ataomba walau fedha yenyewe iletwe, na familia nzima itaona ni haki. Mashua ndivyo hivyo. Fundi anapomchongea binamu yake ngalawa hulipwa, na juu ya malipo hupikiwa wali wa nazi kila siku ya kazi. Nani anaupika, na huo wali uko upande gani wa hesabu, tayari unajua.

Kwa hiyo mila, ukiitazama sawasawa, haisemi kwamba kazi ya mkono haina bei. Inasema kazi ya mkono wa kiume ni ufundi, ya mkono wa kike ni upendo. Ufundi hulipwa. Upendo huombewa dua.

Na vitambaa vya kufuma kwa sindano ya kulabu, vile vyeupe tunavyotandika juu ya televisheni na mgongo wa sofa, ambavyo leo bibi harusi asipokuwa navyo anaonekana kama amekuja uchi? Hivyo navyo vimeingizwa katika mila, na hakuna anayekumbuka vilipita mlango gani. Mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani ulikabidhi elimu ya Waafrika mikononi mwa misheni, na huko msichana aliketishwa kwenye sindano na uzi ili awe mke mwema. Watu wa pwani wengi walikataa kupeleka watoto misheni. Walikuwa na vyuo vyao vya Kurani na shaka zao za haki. Mafunzo hayakuingia. Vitambaa viliingia. Tumekataa shule tukapokea kazi ya nyumbani.

Kisha yakaja mapinduzi. Mwaka 1967 chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliunda kikosi cha wanawake, na Machi 1973, huko Tunduru, Jumuiya ya Wanawake wa Msumbiji ikazaliwa. Leo kila tarehe 7 Aprili tunamkumbuka Josina Machel, mpiganaji wa kikosi hicho, aliyefariki siku hiyo mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Wanawake wanajifunga vitambaa vya kapulana vya sare, wanaandamana, wanasikiliza hotuba kuhusu mwanamke aliyebeba bunduki. Katika sherehe moja niliyohudhuria, mwisho wa hotuba mwanamke hodari wa mwaka alizawadiwa sindano za kufuma na vifundo vinne vya uzi. Alipiga magoti kushukuru. Mimi nilikuwa nikimtazama dole gumba.

4. Ati haina bei

Neno hili lina saa zake za kusemwa, na hapo ndipo linapojiumbua. Husemwa wakati wa kupokea, halisemwi wakati wa kununua.

Mama mdogo aliwahi kuketi sokoni na mikeka mitatu. Watu wale wale, majirani wale wale waliopiga vigelegele harusini, walikuja wakaipapasa kama yule mzee. Akataja bei. “Mama, ghali! Si majani haya?” Mmoja akamshauri apunguze, kwani “ulikuwa umekaa tu nyumbani”. Harusini mkeka ulikuwa umetoka moyoni. Sokoni ukarudi kuwa majani. Jioni aliuza mmoja, kwa pesa ambayo ukiigawa kwa saa 73 utaona haya kuitamka.

Wala sioni kwamba majirani walikuwa wakatili. Walikuwa na mantiki. Ukimwambia mtu kwa miaka thelathini kwamba kitu chake hakina bei, siku akikitajia bei utaona anakudanganya. “Hakina bei” maana yake halisi, kwa matumizi ya kila siku, ni “hakilipwi”. Neno linasikika kama sifa lakini hufanya kazi ya kufuli.

Kofia nayo hivyo hivyo. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vijishimo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja hadi macho yanaona maji, ni kazi ya wiki na wiki. Ikishonwa Unguja au Ngazija na kuletwa na mchuuzi, mwanamume ataigeuza ndani na nje, ataguna, atalipa, na atasimulia alicholipa. Ikishonwa na mkewe ataivaa Idi, watamwuliza, atasema “ya nyumbani”. Ya nyumbani! Kana kwamba imeota ukutani pamoja na kunguni.

5. Ati ni kwa hiari

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kila aliyewahi kuolewa pwani anajua. Zawadi ya hiari haina daftari. Yetu inalo. Yuko mtu, mara nyingi shangazi mwenye miwani, anayekaa karibu na mlango akiandika: fulani, kapulana mbili, fulani, sufuria, fulani, mkeka. Na siku ya harusi ya mwanao daftari litafunguliwa. Sisemi ni vibaya. Ushirika wa namna hii umewavusha watu njaa na misiba. Nasema tu deni liitwe deni. Huwezi kuliandika kwa wino kisha ukaliimba kama pumzi ya roho.

Na ukitaka kuujua ukubwa wa hiari hiyo, mwangalie asiyeweza. Mimi ndiye mfano, nami najitoa bila kuombwa. Nina mikono ya mbao. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilisuka kawa la kumfunikia bibi chakula. Lilikuwa na umbo la boga lililokaliwa. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalifunikia wali mbele ya wageni, na katikati ya mlo pindo likafumuka kimya kimya, likajifungua lenyewe mzunguko baada ya mzunguko hadi wali ukabaki wazi na pembeni kuna utepe mrefu. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipofika harusini na kitu cha dukani, wifi mmoja hakukosa kusema: “Huyu anatupenda kwa pesa.” Nilikuwa nimefanya kazi ofisini mwezi mzima kuipata pesa hiyo. Saa zangu hazikuwa moyo kwa sababu zilipitia benki.

Wenye baridi yabisi vidoleni je? Wenye macho yaliyokwisha? Aliyefika na mashua akiwa hana bonde la ukindu wala senti ya kununulia kitita? Kama mapenzi yanapimwa kwa pima, hao tumewaambia kwamba hawapendi.

6. Ati mkeka wa plastiki umeua mapenzi

Mkeka wa plastiki haukuua chochote. Ulimpa mwanamke saa 73. Uko kila soko kuanzia hapa hadi Dar es Salaam, una maua ya waridi ambayo hayapo katika bustani yoyote duniani, unaoshwa kwa ndoo moja ya maji, na mvua ikiunyeshea hauoti ukungu. Si mzuri. Ukiulalia Januari unakuganda mgongoni. Lakini anayeulilia aniambie kwanza yeye binafsi amesuka pima ngapi. Nimeuliza swali hili kwa wazee watano wanaolalamika kuhusu plastiki. Watatu waliniambia hiyo ni kazi ya kike. Wa nne alibadilisha mazungumzo. Wa tano, namheshimu kwa hilo, alishika ukili, akasuka kama dakika kumi, akautazama, akasema kidole kinauma.

Kuna na hawa wapya, watu wa miradi, wanaokuja na vifundo vya uzi na vitita vya ukindu kwa ajili ya kina mama waliohama, kwa jina la kuwainua. Wamebeba neno lile lile la mzee, wamelivalisha fulana yenye nembo. Kwa nini mwanamke aliyekuwa na duka Mocímboa da Praia, aliyekuwa akipanga bei za samaki wakavu na kukopesha nusu ya mtaa, anapewa uzi? Kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu uzi “anaweza kufanya huku akiangalia watoto”. Wanawake arobaini wa mtaa mmoja wanafuma kitambaa kimoja, kwa rangi moja, wanauziana wao kwa wao. Na bei? Ndogo, kwa kuwa ni kazi ya muda wa ziada. Muda wa ziada upi, kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukinga maji?

Sasa niseme nilichofanya, kabla sijaulizwa kama nataka harusi zisizo na mikeka. Sitaki. Mama mdogo amesuka mwingine, wa mpwa wangu, aliyeolewa mwezi uliopita. Hakuna aliyemlazimisha, au niseme hakuna aliyehitaji kumlazimisha. Safari hii shangazi mwenye miwani alikuwa mgonjwa, daftari nikashika mimi. Nikaandika sawasawa kama ilivyo desturi: fulani, kapulana mbili, fulani, sufuria. Nilipofika kwa mama mdogo nikaandika: mkeka mmoja, pima 24, saa 73.

Jioni orodha ikasomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili, na msomaji alikuwa mzee yule yule, kwa kuwa ana sauti nzuri. Akaenda vizuri tu mpaka mstari ule. Akasoma “mkeka mmoja”, akasoma “pima 24”, akasita, akasogeza daftari mbali na macho, akalirudisha. Akautazama mkeka uliokunjuliwa miguuni pake, akatazama huku na huku chini ya viti, kisha akaniuliza mimi:

“Mkeka nauona, mwanangu. Hizo saa 73 ziko wapi?”